Maswali ya Wasomaji: Jack Wilshere, daluga na filimbi ya vijana

Tangu Luton Town ya Uingereza ilipomtangaza Jack Wilshere kuwa meneja wake Oktoba 2025, barua zinazomhusu zimekuwa zikiingia kwa wingi kwenye meza hii. Nyingi zinatoka kwa watu waliomjua akiwa kiungo wa Arsenal mwenye mguu wa kushoto mtamu, kisha wakapoteza habari zake kwa miaka kadhaa, na baadhi yao hawakujua kabisa kwamba baada ya kuacha kucheza alikaa miaka miwili na ushei akifundisha vijana wa chini ya miaka 18. Safu ya leo tumeitenga kwa ajili ya barua hizo. Tumezifupisha pale zilipojirudia, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni shabiki wa Arsenal tangu mwaka 2010 na hapa kijiweni kwetu kuna ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema Wilshere aliacha mpira akiwa na miaka 30 kwa sababu ya uvivu na starehe, na wapo wanaosema ni majeraha. Nani mkweli? Na je, alikuwa mzuri kiasi kile tunachokikumbuka, au ni sisi tu tuliokuwa vijana? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba. Nianze na la pili, kwa sababu bila hilo la kwanza halina uzito.

Wilshere alizaliwa Stevenage, kaskazini mwa London, tarehe 1 Januari 1992, na akaingia akademi ya Arsenal mwaka 2001 akiwa na miaka 9. Tarehe 13 Septemba 2008, katika uwanja wa Blackburn, aliingia dakika za mwisho kuchukua nafasi ya Robin van Persie akiwa na umri wa miaka 16 na siku 256, na hakuna mchezaji wa Arsenal aliyekuwa amewahi kucheza mechi ya ligi akiwa mdogo kuliko hapo. Rekodi hiyo iwekeni akilini, nitairudia mbele. Msimu huohuo alirudi kwa vijana wenzake na kutwaa nao Kombe la FA la Vijana la mwaka 2009, wakiifunga Liverpool katika fainali ya mikondo miwili. Mwanzoni mwa mwaka 2010 alipelekwa Bolton kwa mkopo, na aliporejea hakukalishwa tena benchi: msimu wa 2010-11 alicheza mechi 49 za klabu katika mashindano yote na kuchaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora kijana wa mwaka nchini Uingereza.

Mechi inayotajwa kila mara ni ile ya tarehe 16 Februari 2011, Arsenal ilipoifunga Barcelona mabao 2-1 jijini London. Wilshere alikuwa na miaka 19 tu na mbele yake walisimama Xavi, Iniesta na Busquets, watu waliokuwa wametoka kutwaa Kombe la Dunia miezi michache kabla, naye aliupokea mpira mgongo ukiwa kwa adui, akageuka na kuondoka nao kana kwamba yuko kwenye mazoezi ya Jumanne. Hata hivyo, mimi ukinitaka nichague kitu kimoja cha kumwonyesha mtu asiyemjua, sitachukua mechi hiyo, nitachukua bao la tarehe 19 Oktoba 2013 dhidi ya Norwich. Yeye, Santi Cazorla na Olivier Giroud wanapasiana kwa mguso mmoja mmoja mbele ya eneo la hatari, mabeki wanne wakiwa wamesimama palepale wakigeuza shingo kama watu wanaotazama mpira wa meza. Giroud anaukwangua mpira kwa mguso mwepesi, unapenya katikati yao, na Wilshere, ambaye alikwisha kuanza kukimbia kabla pasi haijatoka, anaumalizia bila kuutuliza. Lilichaguliwa kuwa bao la msimu na kipindi maarufu cha soka cha BBC. Kwa hiyo hapana, hamkudanganywa na ujana wenu.

Sasa la uvivu. Julai 2011, katika mechi za maandalizi, alitoka uwanjani akiwa na maumivu ya kifundo cha mguu ambayo mwanzoni yalionekana madogo. Ulikuwa ufa wa mfupa, ule unaotokea si kwa kupigwa teke bali kwa mfupa kubebeshwa mzigo uleule mara kwa mara bila kupewa muda wa kujijenga upya. Msimu wote wa 2011-12 ukapotea, na hakurudi kwenye mechi ya ligi hadi Oktoba 2012. Machi 2014 alivunjika mfupa wa wayo akiichezea timu ya taifa dhidi ya Denmark, Novemba mwaka huohuo akaumia kano za kifundo, na Agosti 2015 akavunjika mfupa mwembamba wa muundi na kurudi uwanjani msimu ukiwa unaelekea ukingoni. Akapelekwa Bournemouth kwa mkopo, akacheza vizuri kwa miezi kadhaa, na Aprili 2017 akavunjika tena mguu katika mechi dhidi ya Tottenham. Katikati ya yote hayo alitwaa Kombe la FA mara mbili, mwaka 2014 na 2015, na Juni 2015 aliifungia Uingereza mabao mawili ugenini dhidi ya Slovenia, ambayo ndiyo mabao yake pekee katika mechi 34 za taifa. Mechi ya mwisho ya hizo 34 ilikuwa ile ya mwaka 2016 ambayo Uingereza ilitolewa na Iceland kwenye michuano ya Ulaya (Euro), na siku hiyo alikuwa na miaka 24. Wachezaji wengi katika umri huo ndio kwanza wanaanza kuitwa.

Aliondoka Arsenal mwaka 2018 baada ya mechi 197, akaenda West Ham ambako katika miaka miwili na kidogo alicheza mechi 19 tu, na Oktoba 2020 mkataba ukavunjwa kwa makubaliano. Akarudi Bournemouth kwa nusu msimu, kisha akakaa miezi mingi bila timu. Mwaka 2021 alieleza hadharani jinsi mwanawe alivyomuuliza kwa nini hakuna klabu inayomtaka, naye akakosa jibu la kumpa mtoto. Mtu mvivu hatoki hapo kwenda Denmark, katikati ya baridi ya Februari, kuichezea AGF ya Aarhus iliyokuwa ikihangaika kwenye ligi. Yeye alikwenda. Alitangaza kutundika daluga tarehe 8 Julai 2022. Yapo mambo ya ujana yaliyoandikwa magazetini enzi hizo, nami sitayarudia, ila wambie wenzako wa kijiweni kwamba mfupa wa kifundo hauvunjiki kwa sababu ya picha ya gazetini.

SWALI: Mhariri, mimi nimecheza ligi ya daraja la pili kwa misimu sita, sasa nina miaka 33 na goti limenikataza. Nataka kufundisha watoto mtaani kwetu. Nimesikia Wilshere aliacha kucheza Ijumaa na Jumatatu akawa kocha wa vijana wa Arsenal. Je, si jina tu hilo? Na sisi tusio na majina tuanzie wapi? (Mchezaji wa zamani, Kigoma)

JIBU: Tarehe ni kama ulivyosikia. Alitangaza kustaafu Ijumaa ya tarehe 8 Julai 2022, na Jumatatu ya tarehe 11 Arsenal ikamtangaza kuwa kocha mkuu wa kikosi cha chini ya miaka 18. Ukizisoma tarehe hizo peke yake utadhani amepewa zawadi ya kuagwa, lakini habari yenyewe ilianza mapema zaidi.

Oktoba 2021, Wilshere akiwa bado hana timu, meneja Mikel Arteta alimkaribisha afanye mazoezi na Arsenal. Jambo lililotangazwa zaidi lilikuwa kwamba anajiweka fiti, na lililotangazwa kidogo ni kwamba wakati huohuo alikuwa akisomea leseni za ukocha na kukaa karibu na vijana wa klabu. Kwa maneno mengine, asubuhi alikuwa mchezaji asiye na mkataba, na baada ya hapo mwanafunzi anayejifunza kupanga zoezi, kulisimamisha na kulieleza. Alikuwa na miaka 29. Wachezaji wengi wa umri huo hawataki hata kulisikia neno ukocha, kwa sababu kulikubali ni kama kukiri kwamba safari imekwisha, na matokeo yake siku mguu unapogoma kweli wanajikuta hawana cheti, hawana uzoefu, na wana deni.

Jina lilimsaidia, hilo tusilifiche. Meneja wa akademi aliyemkuta pale alikuwa Per Mertesacker, beki wa Ujerumani aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 2014 na ambaye alicheza pamoja naye Arsenal. Hata hivyo Mertesacker mwenyewe alipitia njia inayofanana na hiyo: klabu ilitangaza mwaka 2017, akiwa bado mchezaji, kwamba ataiongoza akademi kuanzia mwaka uliofuata, naye akapata mwaka mzima wa kujiandaa. Akiwa anakaribia kustaafu alieleza kwenye mahojiano na jarida la kwao jinsi hofu ya mechi ilivyokuwa ikimtapisha na kumharisha kabla ya kuingia uwanjani, jambo ambalo wengi walimcheka nalo. Mimi nililisoma nikasema huyu ndiye mtu wa kumkabidhi mtoto wa miaka 15, kwa sababu anajua kinachotokea tumboni mwa mchezaji dakika tano kabla ya filimbi.

Tuje kwako. Barani kwetu ngazi za leseni za CAF zinaanzia D, kisha C, B, A, na juu kabisa kuna ya kitaalamu inayoitwa Pro. Wewe anzia D. Kozi za ngazi za chini huendeshwa na shirikisho la nchi, kwa Tanzania ni TFF, na hutangazwa kupitia vyama vya mikoa, kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni ofisi ya chama cha mpira cha mkoa wako, ujiandikishe jina na uulize kozi ijayo itafanyika wapi na ada ni kiasi gani. Usisubiri uitwe. Wakati ukisubiri kozi, jiunge na kocha yeyote mwenye leseni aliye karibu, hata kama ni wa shule ya msingi, ubebe koni na uandike anachofanya. Kumbuka pia kwamba kocha mkuu katika mashindano ya klabu Afrika anatakiwa awe na leseni A, kwa hiyo kama una ndoto za mbali, jua tangu leo kwamba ngazi ni ndefu na haina lifti. Kwetu wapo waliopanda kwa utaratibu: Selemani Matola, kiungo na nahodha wa zamani wa Simba, alifundisha vijana wa klabu yake, akaenda Lipuli ya Iringa na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2019, ndipo baadaye akarudi Simba kwenye benchi la ufundi la timu kubwa.

Nikuongezee jambo moja nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu ndiko wengi wetu tuliocheza tunakoanguka. Siku moja nilisimama pembeni ya uwanja wa mchanga nikitazama mazoezi ya watoto wa miaka 11 na 12. Mwalimu wao alikuwa mchezaji wa zamani, mguu wake bado una sukari. Akataka wajifunze kupokea mpira huku wakigeuka, basi akaomba mpira, akaupokea, akageuka, vumbi likapanda, akasema, “Namna hii.” Watoto wakapiga makofi. Akarudia mara tatu, na kila mara makofi yaliongezeka. Kisha zamu ya watoto ikafika, na hakuna hata mmoja aliyeweza. Hakuwaambia watazame nyuma ya bega kabla mpira haujafika, wala kwamba mguu wa kusimamia uwe umelegea kidogo kwenye goti, wala wapokee kwa upande gani wa kiatu. Yeye mwenyewe alikuwa akiyafanya yote hayo bila kuyajua, kama mtu anavyotembea. Wakati wa kurudi nyumbani nikahesabu: katika saa moja na nusu, mpira ulikuwa miguuni mwa mwalimu muda mrefu kuliko mguuni mwa mtoto yeyote. Kozi ya leseni D kazi yake kubwa ni kukufundisha kukitoa mguuni kile unachokijua na kukiweka mdomoni, kwa maneno machache ambayo mtoto anaweza kuondoka nayo.

SWALI: Jina lake linatamkwaje? Watangazaji wetu kila mmoja na lake. (Msikilizaji wa redio, Tanga)

JIBU: “Wilshia” ndiyo iliyo karibu zaidi. Ile “Wilishere” ya kusoma kila herufi ni yetu wenyewe, na imekwisha kuzoeleka kiasi kwamba mimi pia huniponyoka.

SWALI: Bwana Mhariri, mnamsifu sana, lakini mimi niliitazama fainali ya Kombe la FA la Vijana mwaka 2023. Arsenal yake ilipigwa 5-1 na West Ham, tena nyumbani. Kocha anayefungwa matano kwenye fainali amefanya kazi gani? (Shabiki wa West Ham, Mombasa)

JIBU: Hongera kwa ushindi wenu, bwana, ingawa umechelewa kuutangaza. Ni kweli, tarehe 25 Aprili 2023 katika uwanja wa Emirates vijana wa Wilshere walitangulia kufunga, kisha wakasawazishiwa, wakapitwa, na wakazidiwa kabisa, likiwemo lile bao la Gideon Kodua wa West Ham aliyempita kipa kwa mpira wa mbali kutoka karibu na katikati ya uwanja. Vijana wa West Ham walikuwa na nguvu zaidi, walikomaa zaidi na siku ile walicheza vizuri zaidi. Sina la kutetea hapo.

Ninachokataa ni kipimo chako. Timu ya wakubwa hupimwa kwa matokeo ya Jumamosi, lakini timu ya vijana ya klabu kama ile ipo kwa ajili ya kutoa wachezaji, na kocha wake hufika mahali akalazimika kuchagua kati ya kushinda na kumkuza mtu. Mfano ni huu. Septemba 2022, Wilshere akiwa na miezi miwili tu kazini, kijana wa akademi ileile anayeitwa Ethan Nwaneri alichukuliwa na Arteta kwenda na timu kubwa kucheza na Brentford. Akaingia dakika za nyongeza akiwa na miaka 15 na siku 181, akawa mchezaji mdogo kuliko wote katika historia ya Ligi Kuu ya Uingereza. Na pale pale, bila watu wengi kuitilia maanani, ikafutika ile rekodi niliyowaambia muiweke akilini, ya mchezaji mdogo kuliko wote wa Arsenal kwenye ligi, iliyodumu kwa Wilshere kwa miaka 14. Nani hapo ameshinda na nani ameshindwa?

Katika kundi lile lile lililofungwa na West Ham alikuwemo Myles Lewis-Skelly, ambaye wakati huo alikuwa kiungo. Septemba 2024 aliingia kwenye mechi ya Ligi Kuu dhidi ya Manchester City, baadaye akatulia kwenye nafasi ya beki wa kushoto, na tarehe 21 Machi 2025 aliifungia Uingereza katika mechi yake ya kwanza ya taifa, dhidi ya Albania, akiwa na miaka 18 na siku 176, mdogo kuliko yeyote aliyewahi kufunga katika mechi yake ya kwanza ya timu hiyo. Kazi hiyo si ya Wilshere peke yake, kwa sababu kijana hupitia mikono ya makocha wengi tangu akiwa na miaka 8 au 9, na yeye alimpata akiwa amekwisha kuiva kwa sehemu kubwa. Lakini nawe usimtwishe yale matano peke yake.

Na jambo dogo la pembeni: aliyefungwa kwenye fainali ile kama kocha ndiye aliyelitwaa kombe lilelile kama mchezaji mwaka 2009. Nadhani vijana wake wakiwa wanalia chumba cha kubadilishia nguo walikuwa na mtu wa kuwaambia kwamba medali ile, hata ukiipata, haikuhakikishii kitu. Wenzake wengi wa kikosi cha 2009 hawakuwahi kuzoeleka kwenye timu kubwa.

SWALI: Mimi ni mama wa kijana wa miaka 13. Anacheza timu ya shule, anacheza akademi ya mtaani, na Jumapili huchukuliwa na timu ya ndondo. Miezi miwili sasa analalamika maumivu ya visigino, asubuhi anachechemea. Mwalimu wake wa akademi anasema avumilie, mpira ni wa wanaume. Niliposoma habari za Wilshere niliogopa. Nifanye nini? (Mama, Kigamboni)

JIBU: Dada yangu, mpeleke hospitali aonwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, na usisubiri mwisho wa mwezi. Mimi si daktari, ila yapo mambo mawili ambayo kila kocha wa watoto anapaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba katika umri huo mifupa bado inakua, na nyuma ya kisigino kuna sehemu laini ya ukuaji ambayo msuli wa nyuma ya mguu huivuta kila mtoto anapokimbia. Akikimbia kupita kiasi, hasa kwenye uwanja mgumu na viatu vyembamba, sehemu hiyo huuma, na kawaida hutulia mtoto akipunguziwa mzigo kwa muda. La pili ni kwamba maumivu yanayodumu miezi miwili na kumfanya mtoto achecheme si ya kuvumiliwa, yawe ya kisigino au ya mahali pengine.

Wilshere usimwogope, ila mtumie kama mfano. Alikuwa mchezaji wa klabu tajiri, yenye madaktari wake na mashine zake, na bado ule ufa ulimpata baada ya msimu wa mechi 49 za klabu, mbali na za taifa, kabla hajatimiza miaka 20. Siwezi kukuapia kwamba chanzo kilikuwa wingi wa mechi tu, lakini jeraha la aina ile linajulikana kuwa ni la mzigo kuzidi mapumziko. Sasa mwanao ana timu tatu, na ninavyoijua hali yetu, hakuna hata mmoja kati ya makocha watatu anayejua wenzake wamemchezesha dakika ngapi wiki hii. Anayejua ni wewe, kwa sababu ndiwe unayefua jezi.

Kwa hiyo chukua daftari, uandike kwa wiki mbili kila siku anayocheza au kufanya mazoezi na kwa muda gani, kisha uende nalo kwa mwalimu wa akademi pamoja na maelezo ya daktari. Zungumza naye kwa heshima lakini bila kurudi nyuma. Ikiwa ni lazima timu moja iachwe, nashauri iwe ya ndondo, kwa sababu huko anacheza na watu wazima wanaotafuta zawadi ya ng'ombe, na mguu wa mtoto wa miaka 13 hauhusiki na ng'ombe huyo. Kuhusu ule usemi wa wanaume, mwalimu akiurudia, mwulize kama ana leseni, na ya ngazi gani. Nasema hivi bila kejeli. Wengi wetu tulifundishwa hivyo na tukaona ndiyo njia, na wengi wetu leo tunapanda ngazi tukishika ukuta.

SWALI: Nasomea elimu ya michezo chuoni. Naona Wilshere alikaa na vijana miaka miwili tu, Oktoba 2024 akaenda Norwich kwenye benchi la timu kubwa, na sasa ni meneja. Je, ukocha wa vijana si daraja tu la kuvukia? Kama ni hivyo, watoto wanapata nini? (Mwanachuo, Dodoma)

JIBU: Ndugu mwanachuo, kwa wachezaji wengi waliotamba ni daraja, na sioni sababu ya kujifanya tusione. Xabi Alonso alianza na watoto wa chini ya miaka 14 wa Real Madrid, akaenda timu ya pili ya Real Sociedad, kisha Bayer Leverkusen, ambako mwaka 2024 alitwaa ubingwa wa Ujerumani bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Wilshere alikwenda Norwich kuwa mmoja wa makocha wa timu kubwa, Aprili 2025 akakabidhiwa timu kwa mechi mbili za mwisho baada ya kocha mkuu kuondolewa, na Oktoba akapewa Luton, klabu iliyokuwa imeshuka madaraja mawili mfululizo na kuangukia daraja la tatu. Kwa bahati, ni klabu ambayo aliifanyia mazoezi kwa muda mfupi akiwa mtoto, kabla Arsenal haijamchukua.

Kinacholinda watoto ni kwamba akademi haimtegemei anayepita. Kule Uingereza, tangu mpango wa kukuza wachezaji wa mwaka 2012, akademi zimewekwa katika madaraja manne na hukaguliwa, na malezi yamegawanywa kwa rika: miaka 9 hadi 11, 12 hadi 16, na kuanzia 17 kuendelea, kila rika na makocha wake na malengo yake. Wilshere aliposhika kikosi cha chini ya miaka 18, Mertesacker alikuwa amekaa pale miaka minne, na alipoondoka Mertesacker alikuwa bado yupo. Mtaala ulibaki, faili la kila mchezaji likabaki. Hapo ndipo penye tofauti na kwetu, ambako kocha akiondoka huondoka na mipira, koni, na wakati mwingine watoto wenyewe.

Kama unatafuta mada ya utafiti wako wa mwisho, nakushauri uache kuwafuatilia waliovuka daraja. Tafuta akademi tatu za mkoani kwako, uulize katika miaka mitano zimebadilisha makocha mara ngapi, na kila kocha mpya alikuta maandishi gani kuhusu watoto aliokabidhiwa. Nitumie utakachokipata, tutakichapisha hapa hapa.